Neno Alilolisema Bi Nyusi

Tangu turudi, kila apitaye barazani petu huuliza swali moja: mlikuwa wapi siku ile hata mkarudi magharibi, naye Mishi ana kiatu kimoja? Nimechoka kulijibu nusu nusu. Wako walioambiwa kwamba tulikwenda kuposa, na wako walioambiwa kwamba mimi naolewa. Naandika mara moja, nisiulizwe tena.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Kuze kwenda Makupa. Najua kwamba mwenye miguu mizima huenda kwa muda wa saa moja. Sisi ilituchukua karibu saa nane, na nitaeleza kila saa ilikokwenda. Hatukupanda gari kwa sababu ndugu yangu Mishi akipanda gari hutapika, na mimi nikipanda na Mishi hutapikiwa.

Sababu ya safari

Wasiomjua Bi Nyusi, yaani watoto wote waliozaliwa baada ya televisheni, yawapasa kuelezwa kidogo. Alikuwa mchezaji wa sinema wa Hollywood, zama za picha zisizo na rangi. Jina lake la Kizungu hatukuweza kulitamka, na waliodai kuliweza walilitamka kila mtu lake. Sisi tuliokwenda sinema Jumatano mchana, siku ya wanawake watupu, tulimwita Bi Nyusi kwa ajili ya nyusi yake ya kushoto. Wachezaji wengine walilia, walizimia, walijitupa vitandani. Yeye alipandisha nyusi ile kiasi cha unene wa punje ya mchele, na mwanamume aliyekuwa mbele yake akaanza kutafuta kofia yake. Mimi sijaona kazi safi kuliko hiyo, na nimefanya kazi ya ushoni maisha yangu yote.

Tulipoanza kujichora nyusi kwa wanja mpaka karibu na kipaji cha uso, mwalimu wa chuo cha Kurani alitoa mawaidha siku tatu mfululizo juu ya dhambi ya kunyoa nyusi. Tulimsikiliza kwa heshima. Hatukuwa tumenyoa hata unywele mmoja, tulikuwa tumechora tu, na hilo hakuwa amelitayarishia jibu.

Kizungu hatukukijua. Aliyetufasiria alikuwa Bi Riziki, mwanamke aliyeketi safu ya mbele na kuyageuza maneno yote ya picha kwa Kiswahili, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Katika picha moja Bi Nyusi amesimama mlangoni na sanduku mkononi. Mumewe yuko juu ya ngazi, anamuuliza kitu. Bi Nyusi anapandisha nyusi, anajibu maneno machache, anatoka. Siku ile Bi Riziki aliinuka, akatugeukia, akasema: “Asema, Sirudi.”

Mimi wakati ule nilikuwa mke wa mtu aliyekuwa akinipiga. Simtaji, amekwisha kufa na Mungu anajua la kumfanya. Nilipotoka sinema sikukata kushoto kwenda kwake. Nilikata kulia nikaenda kwa baba yangu, nikasimama mlangoni nikasema, “Sirudi,” na nyusi nikaipandisha kadiri nilivyoweza, maana jicho lenyewe lilikuwa limevimba. Habari za kadhi na karatasi naziruka. Tangu hapo nimeishi kwa cherehani yangu, na nimeishi vizuri.

Sasa mwaka huu Salma, binti wa Mishi, ambaye anasomesha Kiingereza, aliniletea zawadi: kanda ya video ya picha ile ile. Tuliketi tukaitazama. Tulipofika mlangoni pale nikamwambia, sikiliza sasa. Akasikiliza. Akairudisha kanda nyuma, akasikiliza tena.

“Mamkubwa,” akasema, “hasemi hivyo.”

“Asema nini?”

“Asema, Nitarudi kabla ya chakula cha usiku.”

Na kweli alirudi. Mwisho wa picha yuko sebuleni mle mle, anabusiwa na mume yule yule. Miaka yote nilijua kwamba yule wa mwisho ni kaka yake aliyekuja kumchukua, kwa sababu ndivyo alivyosema Bi Riziki, na wakati wa kubusu sisi sote tulikuwa tumejifunika nyuso kwa buibui. Sinema nzima hapakuwa na hata mmoja wa kumpinga.

Salma alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. Niliona haya, na niliogopa pia, ingawa sikujua naogopa nini katika umri huu. Nilikuwa nimevunja nyumba yangu kwa neno ambalo halikusemwa. Nilitaka kujua jambo moja tu: Bi Riziki alikosea, au alijua? Kama alikosea, basi mimi ni mjinga niliyefuata kosa la mtu mpaka uzeeni. Na huku nilisikia kwamba mwanawe anamhamishia Malindi siku ya Alhamisi, baada ya alasiri. Nilipoisikia habari hiyo ilikuwa Jumatano.

Kuze, nyumba nne

Tulitoka Alhamisi saa mbili asubuhi kwenda kuulizia anakoishi. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, nalo ni kumwambia Mishi tuvae mabuibui mapya. Katika mji wetu wanawake wawili wenye mabuibui mapya wanaopiga hodi nyumba hadi nyumba asubuhi wana kazi moja tu: wanaalika arusi. Na mwenye kualika haulizwi neno wala haulizi neno mpaka aketi, aulizwe hali, aulizwe wa nyumbani mmoja mmoja, na anywe kahawa.

Nyumba ya kwanza tulikunywa kahawa na kashata. Mwenye nyumba akauliza kwa upole, “Haya, arusi ya nani?” Mishi alikuwa na kashata mdomoni. Akanielekeza kwa kidevu, maana yake muulize Zena. Mwenye nyumba akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, “Mashallah. Arusi haina umri.”

Nilimweleza kwamba hakuna arusi, kwamba tunamtafuta Bi Riziki. Akasema amefahamu, jambo kama hilo halitangazwi mapema. Nyumba ya pili tulipewa kahawa na halua. Nyumba ya tatu walikuwa wamekwisha kusikia, wakasema inshallah watakuja. Nyumba ya nne tulipokewa kwa vigelegele, na nilipoapa kwamba siolewi na mtu yeyote, bibi mmoja mkongwe akanishika goti akaniambia kwamba hata yeye alikataa kataa hivyo hivyo. Huyo bibi ndiye aliyejua. Bi Riziki, akasema, yuko Buxton, nyumba iliyo mkabala na bomba la maji.

Ilikuwa yapata saa nne na nusu na bado hatujatoka mtaani.

Markiti

Hatungeweza kwenda mikono mitupu, kwa hivyo tulipita soko la Markiti kununua halua. Mishi huonja kabla ya kununua. Alionja nyeusi, akaonja nyekundu, akaonja ya lozi, kisha akasahau nyeusi ilikuwaje. Muuzaji, mzee mwenye kofia safi ya kudariziwa, alimvumilia na kutuuliza tunakwenda ugeni wapi.

“Kwa Bi Riziki wa sinema,” Mishi akasema.

“Zama za Bi Nyusi!” Mzee akaweka kisu chini. “Sisi wanaume twalimtazama Jumamosi. Naikumbuka ile picha ya mke mkorofi.”

“Mkorofi vipi?” nikauliza.

“Ashika sanduku, atoka. Mume mtu wa subira, angoja. Mwisho arudi mwenyewe aomba radhi. Picha nzuri mno! Hata nami nalimtuma mke wangu Jumatano akaione, apate adabu.”

Mpaka hapo nilikuwa nimekwisha kufunga kibeti changu niondoke. Huyu alikuwa shahidi wa pili. Lakini nikauliza tu, “Akaipata?”

“Ah!” Mzee akakuna kidevu. “Alirudi amenuna. Mwezi mzima hakunitia mchuzi juu ya wali. Hata leo siyui aliona nini.”

Nikafungua kibeti nikanunua kilo nzima, nyeusi, bila kumuuliza Mishi.

Buxton, tulikolishwa

Kutoka Markiti kwenda Buxton Mishi alisimama mara tano: mara mbili kwa viazi vya karai, mara moja kwa dafu, na mara mbili kwa watu aliodhani anawajua. Mmoja wao alikuwa hamjui kabisa, lakini walisalimiana mpaka wakapata jamaa wa pamoja, marehemu, wakamwombea.

Nyumba ya mkabala na bomba ilifunguliwa na mwanamke mnene wa makamo, mwenye leso kiunoni na msalaba mdogo shingoni. Alituambia baadaye kwamba ni Mama Kadzo, mtu wa Rabai, mpishi wa wanafunzi wa chuo cha hapo jirani, na siku ile ilikuwa zamu yake ya mapumziko. Wakati ule hakutuambia chochote. Alitazama mabuibui, akatazama kifurushi, akamtazama Mishi, ambaye alikuwa akiupima ukumbi kwa macho akitafuta kiti kisicho na mito mingi.

“Hii ndiyo nyumba ya Bi Riziki?” nikauliza.

“Ilikuwa yake,” akasema polepole. “Sasa nakaa mimi.”

“Mimi ni Zena wa Kuze. Kuna kitu aliniachia zamani sana, na nataka kuhakikisha kama kweli ni changu.”

Maneno hayo niliyaona ya adabu. Mama Kadzo akasema tuketi, tafadhali, na kwamba hatutoki bila kula. Akatuletea wali wa nazi, ng'onda wa kukaanga, yaani samaki waliokaushwa, mboga ya mchunga kwa nazi, na pilipili ya kuponda. Tukila, anaongeza. Tukishukuru, anaongeza. Adhuhuri ilipoingia akatutandikia mkeka safi na kuuliza kama tungependa mwingine. Mishi alininong'oneza kwamba watu wa Rabai ni wakarimu sana. Mimi niliona kwamba yule mama kila akipakua hulitupia jicho kabati lililokuwa pembeni, nikajua huku si kukaribishwa, huku ni kuogopwa.

Tulipomaliza kusali akasimama katikati ya chumba.

“Jamani dada zangu,” akasema, “kama ni kabati, lichukueni. Aliliacha humu mwenyewe, sikumwomba. Ila jueni mguu mmoja wa nyuma ni wangu, niliutia mimi. Na kama ni nyumba, nawaomba mnipe muda, nina wanangu shuleni.”

“Si kabati,” nikasema. “Wala si nyumba. Ni neno.”

“Neno?”

Nikamsimulia yote, tangu jicho langu mpaka kanda ya Salma. Alikuwa ameshika upawa, akauweka chini. Nilidhani atacheka, na alicheka kweli, lakini nadhani alikuwa akicheka kwa ajili ya kabati lake. Kisha akauliza, “Na ulipotoka kwa yule bwana, maisha yalikuwa mabaya?”

“Yalikuwa mazuri.”

“Basi wataka nini tena, dada yangu?”

Niliomba maji ya kunywa. Mama Kadzo akatueleza kwamba Bi Riziki alihamia kwa mwanawe Makupa, nyuma ya wauza mbao, na akatutoa mpaka njia ya Tononoka, akiwa ameshika kifurushi cha ng'onda waliobaki, ambao hatukuweza kuwakataa. Ilikuwa saa nane kasorobo.

Tononoka, habari ya kiatu

Hapa hapana la kutazama, na tungepita upesi lau si Mishi kukatikiwa na ukanda wa ndara. Chini ya mwavuli palikuwa na fundi wa viatu. Akakipokea kiatu kwa mikono miwili, akasema dakika tano.

Baada ya nusu saa alikuwa bado hajaanza kushona. Alikuwa akitafuta uzi wa rangi inayolingana. Nilimwambia uzi wowote utafaa. Akaniambia kwamba yeye hafanyi kazi ya uzi wowote. Mimi mwenyewe ni fundi na jibu hilo nimewahi kuwapa watu wengi, sikujua kwamba linaudhi kiasi kile. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na nilimfikiria Bi Riziki akipanda gari na neno langu moyoni mwake, nisimwone tena duniani. Nikamwambia Mishi achague kati ya kiatu na mimi. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Tulikiacha kiatu. Tulikwenda Makupa mimi mbele, yeye nyuma akiruka ruka penye kokoto na kunihesabia dhambi zangu tangu utoto.

Makupa

Malori yalikuwa yamepanga mstari, yanaunguruma, na wauza mbao walikuwa wakipiga kelele ili wasikike juu ya malori. Nilianza kukata tamaa ya kuipata nyumba. Kisha nikasikia, juu ya malori na juu ya wauza mbao, sauti ikisema, “Godoro si hivyo! Ligeuzeni!” Sauti ile nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuhitaji kuuliza njia tena.

Alikuwa ameketi kitini kando ya barabara, katikati ya masanduku na masufuria yake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akipakia vitu kwenye gari na dereva. Nikamwamkia. Akanikazia macho.

“Ni Zena wa Kuze,” nikasema. “Nalikuwa nikiketi safu ya tatu, Jumatano.”

“Zena fundi!” akasema. “Watu wasema waolewa!”

Sijui habari ile ilipita njia gani, lakini ilifika kabla yetu. Nikakana kwa mara ya tano siku ile. Mishi akaketi juu ya sanduku bila kukaribishwa, akaweka halua na ng'onda mapajani, akaanza kuusugua mguu wake.

“Bi Riziki, nimekuya kukuuliza jambo moja,” nikasema. “Zama zile wewe ulikuwa ukijua Kizungu?”

“Kizungu? Mimi?” Akacheka mpaka akashika kiti. “Nalijua kuhesabu hadi kumi, na saba nalikuwa nikiiruka.”

“Basi ulikuwa ukifasiri nini?”

“Nyusi, mwanangu. Nalikuwa nikimtazama nyusi.”

Nikamweleza habari ya kanda. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio.

“Asema atarudi?”

“Kabla ya chakula cha usiku.”

“Na arudi?”

“Arudi. Yule wa mwisho si kakake. Ni mumewe.”

“La!” akasema. Akafikiri. “Nami sikumwona. Nalikuwa nimejifunika.”

Mwanawe akaja akasema, “Mama, gari tayari.” Bi Riziki akamwinulia kiganja bila kumtazama, naye akasimama pale pale.

“Kwa hivyo ulikosea,” nikasema. Ilinitoka kwa uchungu, na sikuwa nimekusudia kuwa na uchungu na mtu wa umri ule. “Ulisema tu. Nami nikaenda nikavunja nyumba yangu.”

Bi Riziki akamtuma mwanawe akaangalie kama birika limefungwa, na mwanawe, ambaye bila shaka alijua kwamba limefungwa, akaenda.

“Babake huyu wamkumbuka?” akaniuliza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akisema kwa sauti ya chini.

Nilimkumbuka. Mtaa mzima ulimkumbuka. Wakati ule tulikuwa tukipita nyumba ile haraka, tukizungumza kwa nguvu ili tusisikie.

“Kila Jumatano nikitoka kwake nasema moyoni, leo sirudi,” akasema. “Sinema yanikuta nimekwisha kuazimia. Kisha picha yaisha, navaa buibui langu, narudi. Jumatano ngapi, Zena? Siyui. Mpaka alipokufa. Siku ile nikamwona yule Mzungu mlangoni, na sanduku lake, na ile nyusi. Nikasema huyu aweza. Nikamtia neno langu kinywani, alitoe yeye, maana mimi lilikuwa halinitoki. Sikulisema ili mtu alifuate. Nalisema ili nilisikie.”

Nilikuwa nimetembea kutwa kwenda kumuuliza mtu kama alinikosea, na sasa nilitamani kumwomba radhi, nisijue ni kwa kosa gani. Nilimwonea huruma, na nilijiona mtu mwenye bahati kubwa kupita kiasi.

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi na una joto.

“Na wewe?” akasema. “Ulipotoka mle sinema, ulikwenda kwa babako. Kisha ukarudi kwa mumeo?”

“Sikurudi.”

“Hata alipokuya na wazee kukuomba?”

“Hata walipokuya.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja, Bi Riziki.”

Mwanawe akaja kumwinua kitini, nami nikamshika upande wa pili, tukampandisha mbele karibu na dereva. Hakuniachia mkono. Gari likawashwa, akainamia dirishani, akaniuliza tena, hata siku moja? Nikamjibu tena. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti yake ile kubwa, na gari lilianza kwenda nami nikitembea kando yake, nikimjibu.